Firigisi ya Baba Mkwe

Ungemuuliza Yunisi anataka zawadi gani ya Krismasi, asingekutajia kitenge wala simu. Angekwambia mafiga matatu. Tangu aolewe Ihanda mwezi wa sita alikuwa akipika kwenye jiko la mama mkwe, akiomba chumvi, akiomba kiberiti, akiomba karibu hata ruhusa ya kukoroga uji. Mumewe, Lusajo, alikwisha kumjengea jiko lake nyuma ya nyumba, akaliezeka bati jipya. Lakini jiko lisilo na mafiga ni banda tu, na katika ukoo wa mzee Nathanaeli mafiga huwekwa na mama mkwe kwa mikono yake mwenyewe, baada ya jambo moja kutimia. Bibi arusi apike jogoo wa Krismasi yake ya kwanza, ampelekee baba mkwe akiwa kamili, na baba mkwe aile firigisi mbele ya watu, kisha aseme, "Imeiva." Akisema "Bado," mtu angoje Krismasi nyingine.

Atupele, mke wa Yonasi, kaka yake Lusajo, aliwahi kuambiwa bado.

"Ilikuwa ngumu katikati," alimsimulia Yunisi asubuhi ile ya sikukuu, wakimenya vitunguu saumu. Alisimulia kwa raha ya mtu aliyekwisha kuvuka mto. "Mwaka mzima mwingine nikaula moshi wa mama."

"Na isipokuwemo kabisa?"

Atupele aliacha kumenya. "Usiseme hivyo, mwenzangu. Zamani kuna bibi arusi alipeleka kuku bila firigisi. Walimtwika bakuli lilelile kichwani, wakamrudisha kwao Ibaba kwa miguu, mchuzi unamchuruzika shingoni."

Huenda ilikuwa kweli, huenda si kweli. Hadithi za namna hii hutambaa kama maboga wakati wa mvua. Ila Yunisi aliimeza nzima nzima. Yeye tayari alikuwa na doa. Alizaliwa na kukulia Tunduma, mji wa mpakani, ambako firigisi hukaangwa barabarani zikauzwa kwenye karatasi, na anayetaka hula, awe mwanamume, awe mwanamke. Wiki yake ya kwanza Ihanda alilisema hilo huku akicheka, kwamba yeye firigisi amekula mpaka akazichoka. Hakuna aliyecheka naye. Katika nyumba hii mwanamke huiosha firigisi, huikwangua, huipika na kuipakua, lakini kuionja ni haki ya mwenye nyumba peke yake. Ulimi ulikuwa umemponza. Tangu siku hiyo mashangazi walimwita mtoto wa mpakani, na walisema kuku anayemjua ni yule wa kwenye friji.

Mama mkwe wake, mama Loisi kwa jina lake la ubatizo, hakusema kitu. Na hilo ndilo lililomtesa Yunisi zaidi. Afadhali mama mkwe mkali, utajua pa kukwepa. Mama Loisi alikuwa mwembamba, mnyamavu, hasifu wala halaumu, na kwa miezi sita Yunisi hakujua hata siku moja kama mboga yake imependwa au imevumiliwa.

Ibadani hakusikia lolote. Mchungaji alisema juu ya mtoto aliyelazwa horini, kwaya ikaimba mpaka madirisha yakatetemeka, na yeye mawazo yake yote yalikuwa kwa jogoo. Aliporudi alivaa khanga kuukuu juu ya gauni jipya, akainama jikoni. Alimkata kuku kwa kufuata viungo, kama alivyofundishwa. Alimchemsha kwa tangawizi na chumvi, akakaanga vitunguu, akatia nyanya, akamrudishia mchuzi wake pole pole. Kila baada ya muda aliichoma firigisi kwa ncha ya uma. Kufikia saa nane uma ulipenya bila kusukumwa. Harufu ilijaza jiko, ikatoka nje, ikawafuata wageni mpaka chini ya turubai. Yunisi alitabasamu peke yake.

Ndipo mvua ikashuka, ile ya Mbozi isiyopiga hodi.

"Yunisi! Atupele! Viti!" mtu alipiga kelele uani.

Wakakimbia wote wawili. Walibeba viti, wakabeba meza, wakabeba bibi mmoja aliyekataa kuachia sahani yake ya wali. Yunisi aliporudi jikoni, maji yakimtiririka, alimkuta mama Loisi akichochea kuni. "Kapakue, mwanangu, baba anangoja," alisema, akachukua sinia na kutoka bila kumtazama.

Yunisi alitandaza nyama kwenye bakuli la maua. Mapaja mawili, mabawa mawili, kidari, mgongo, shingo, kichwa, miguu, maini. Alipapasa chini ya sufuria kwa mwiko. Akapapasa tena. Akamimina mchuzi wote kwenye beseni, akautafuta kwa vidole huku unamuunguza.

Firigisi haikuwemo.

Alimtazama paka, paka alikuwa amelala juu ya magunzi, mkavu, hana hata alama ya mafuta. Alimkumbuka Atupele, lakini Atupele alikuwa naye kwenye viti muda wote. Alipomwita na kumweleza, Atupele alishika mdomo.

"Tafuta kipande cha nyama ya mbuzi," alinong'ona. "Kikate mviringo, kizamishe kwenye mchuzi. Mzee macho yake siku hizi siyo."

Yunisi alikishika kisu. Nitakwambia ukweli, alikishika, na kipande cha mbuzi alikichagua. Kisha akawaza kukaa miaka katika mji huu, akisalimiana kila asubuhi na mzee aliyemdanganya siku ya Krismasi, akaona hataweza. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ingekuwa fupi kuliko zote: kutoka bakuli mpaka mdomoni. Alikiweka kisu chini, akafunika bakuli, akaingia.

Sebuleni watu walikuwa wamebanana kwa sababu ya mvua: mzee Nathanaeli kwenye kiti chake, koti la ibada mwilini, ndugu zake, mashangazi, Lusajo karibu na mlango akimtazama mkewe kwa fahari. Fahari ile ilimuumiza Yunisi kuliko kitu chochote. Alipiga magoti, akaweka bakuli mezani, akafunua.

"Baba," alisema, macho yake sakafuni, "kuku ni huyu. Nimempika mimi. Lakini firigisi haimo. Niliipika, na sasa haimo, na sijui iliko. Naomba mnisamehe."

Shangazi mmoja alisema taratibu, ila si taratibu kiasi cha kutosikika, "Si niliwaambia? Mtoto wa mpakani. Kaila mwenyewe, alishazoea."

"Sikula, shangazi," alisema Yunisi.

"Basi imeruka?"

"Nimekula mimi."

Watu waligeuka. Mama Loisi alikuwa amesimama mlangoni na sinia lake, matone ya mvua kwenye kilemba.

"Mtoto asisumbuliwe," alisema. "Mlipokuwa kwenye viti niliifunua sufuria nikoroge isiungue. Nikaiona. Nikaila. Nimesimama palepale jikoni, nimeila yote."

Mzee Nathanaeli alimgeukia mkewe. Yunisi sasa alimwogopea mama Loisi zaidi ya alivyojiogopea.

"Mama Yonasi," alisema mzee. "Miaka yote hii, leo ndiyo umeila?"

"Leo."

"Kabla ya hapo hujawahi?"

"Hata kuramba vidole, baba Yonasi. Miaka thelathini na nane."

Mzee alianza kutikisika mabega. Watu walidhani ni hasira, na Lusajo alisogea mbele. Kumbe ni kicheko, kilikuwa kinatafuta pa kutokea. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa kiganja.

"Jamani, nami niseme yangu," alisema. "Tangu waning'oe magego, firigisi imenishinda. Kila Krismasi naitafuna mbele yenu, nasema imeiva, mkigeuka naitema naitia mfukoni. Jioni nampelekea mbwa."

"Mbwa!" Mama Loisi aliweka sinia chini kwa kishindo. Huyo mnyamavu, asiyesikika hata akiita kuku, sasa alisikika mpaka kwa jirani. "Kumbe ndiyo mafuta ninayosugua kwenye koti lako kila Januari! Mimi naipika, naitazama, nameza mate, nakuletea, halafu anakula mbwa! Mbwa ameijua firigisi kabla yangu!"

Hapo nyumba ilipasuka kwa kicheko. Shangazi mwenye maneno alicheka mpaka akamwegemea Atupele. Yunisi peke yake hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti, hajui kama amepona au la.

Mzee alimwona. Aliinua mkono, watu wakatulia.

"Mila ni mila," alisema. "Aliyekula firigisi ndiye mwenye neno. Mimi sikula, siwezi kusema kitu. Mama Yonasi, sema wewe."

Mama Loisi alinyoosha khanga yake. Alimtazama Yunisi, na safari hii hakuondoa macho.

"Imeiva," alisema. "Imeiva, na chumvi imekaa mahali pake."

Yunisi aliinamisha kichwa sakafuni akalia, kilio cha kutua mzigo, na Lusajo akasahau mila zote akamwinua mbele ya baba yake. Mzee tayari alikuwa amejichukulia paja, kipande laini, anakula kwa amani.

Mvua ilipokatika, wanawake wawili walitoka kwenda nyuma ya nyumba, mama Loisi na jiwe la kwanza kifuani. Alikataa kusaidiwa. Alilizamisha kwenye udongo, akalitikisa kuona kama limekaa, akafuata la pili na la tatu. Yunisi alimtazama, kisha akashindwa kujizuia.

"Mama, ungeniambia tu. Ningekupa kwa siri."

"Nikuambie nini? Kwamba mama mkwe wako ana uchu?" Mama Loisi alipangusa matope mikononi. "Nimepika mwenyewe miaka yote, sikuitamani hivyo. Atupele amepika, sikuitamani. Leo nimefunua sufuria yako, mwanangu, nikashindwa."

Kisha akamwomba kiberiti.