Oda Iliyobaki Wazi

Mama Makochi alikuwa anang'oa misumari kwenye kiti cha daktari wa meno wakati mumewe, aliyezikwa mwezi uliopita, alipoingia karakanani, akavua viatu mlangoni na kuketi kwenye sofa lisilo na kitambaa.

"Umerudi," alisema Mama Makochi.

"Kuondoka sijaondoka. Nina oda wazi."

Sofa lilikuwa la mteja, kwa hiyo alimwambia ahamie kwenye stuli. Akahamia. Kisha akaeleza kwamba kabla homa haijamlaza alinunua sarafu za mtandaoni, akaziweka sokoni ziuzwe, na mpaka sasa hazijauzwa.

Mama Makochi hakuwahi kuona kitu asitake kujua kimeshonwaje kwa ndani. Aliweka nyundo chini.

"Kama ziko sokoni, mbona haziuzwi?"

"Oda ziko za namna mbili, mke wangu. Ya kwanza unasema, uza sasa hivi kwa bei yoyote iliyopo. Hiyo hata kope hujapepesa imekwisha. Ya pili unataja bei yako, chini ya hapo hutaki. Hiyo inakaa foleni mpaka atokee mnunuzi wa kuifikia."

"Na wewe ulitaja ngapi?"

Akataja. Mama Makochi akacheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa mara tatu ya bei ya siku hiyo.

"Pesa ya kuzinunua je?"

Marehemu alitazama dari. "Ile ya cherehani yako mpya."

Kicheko kilikatika. Mwezi mzima Mama Makochi alikuwa akiamini pesa ile ilimezwa na hospitali, na alikuwa amekwisha kumsamehe hata daktari aliyemtibu mumewe. Alirudi kwenye misumari yake, akang'oa safu nzima.

Baadaye aliwapigia simu wenye soko. Binti mwenye sauti laini alimwambia oda haifutwi na mtu mwingine ila mwenye akaunti.

"Mwenyewe si ndiye huyu hapa. Amefariki, ila yupo."

"Basi na aifute, mama."

"Hataki. Anasema bei itapanda."

"Hilo sasa ni la nyumbani kwenu."

Kwa hiyo kila asubuhi marehemu alikuja kukaa kwenye stuli akitazama simu, na Mama Makochi akawa anamuuliza hili na lile huku akivuta kitambaa. Bei ilipanda, ikapanda, mpaka siku moja ikafika pale alipopataja. Lakini wengine walikuwa wametaja bei ileile kabla yake, na foleni ni foleni, aliyetangulia ndiye anayeuza kwanza. Zamu yake ilipofika, mnunuzi alikuwa amebakiwa na pesa ya kuchukua nusu tu.

Kesho yake marehemu alitokea juu ya stuli akiwa nusu. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakukuwa na kitu.

Mama Makochi aliinama, akachungulia kwa chini kama anavyokagua springi.

"Panauma?"

"Wala. Pana ubaridi kidogo."

Muuza vifungo wa jirani alipita kuleta uzi. Akamwamkia marehemu, kisha akauliza upande mwingine uko wapi.

"Umeuzwa."

"Hongera, mzee. Bei nzuri?"

"Niliyoitaka."

Mama Makochi alipiga hesabu kichwani. Hiyo nusu peke yake ilitosha cherehani, na chenji ingebaki.

"Itoe basi hiyo pesa, nikanunue leo leo."

Marehemu akainua simu usoni. Simu ikamtambua bila shida. Akabonyeza hapa na pale, akasema tayari, kila kitu kiko sawa, na jioni akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata aliingia kwa miguu yake yote miwili.

Mama Makochi alikuwa ameshika fagio. Alimtazama kutoka nyayo hadi kichwani, taratibu.

"Umenunua tena."

"Bei ilishuka usiku, mke wangu. Ikishuka ndipo watu wananunua. Nikachukua papo hapo, kwa bei iliyopo, nikaziweka foleni pamoja na zile zilizobaki. Safari hii nimetaja ya juu zaidi."

"Na cherehani?"

"Utapata mbili! Vuta subira tu."

Alieleza kwa furaha, mikono ikichora bei hewani, na Mama Makochi alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu bado alitaka kuelewa. Alipomaliza, alimwambia ainue miguu, apate kufagia chini ya stuli.