Harufu Ambayo Bi Pua Hakuisikia

Kiwandani walimwita Bi Pua, na jina hilo hakulichukia kwa sababu alilipata kwa haki. Miaka kumi na saba alisimama mbele ya ngoma mbili za chuma, na katika miaka yote hiyo hakuna hamira iliyoungua bila yeye kujua kabla ya wengine. Angeweza kuwa amekaa kantini, amegeuzia mlango mgongo, akasema tu, "Ngoma ya kushoto imezidi moto." Mtu akienda kuangalia kipimo cha mvuke, anakuta kweli.

Hamira yenyewe ilitoka kiwanda cha bia kilichokuwa ng'ambo ya ukuta. Ikishamaliza kuchachusha bia ya wenyewe, ilisukumwa kwenye bomba mpaka kwao, nzito kama uji, rangi ya udongo, chungu kama shubiri. Uchungu huo ni wa maua yanayotiwa kwenye bia. Kwa hiyo kwanza walichuja, kisha wakaosha kwa maji baridi yenye magadi kidogo, wakasuuza mara mbili tatu mpaka ulimi ukubali. Hiyo ilikuwa kazi ya Mzee wa Matangi, mwanamume mwenye mvi na maneno machache, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu.

Kutoka kwake hamira ilipanda juu kwa Bi Pua. Ilimwagwa katikati ya zile ngoma, kila moja ndefu kuliko mtu, zimejaa mvuke tumboni, zinazunguka taratibu kuelekeana. Ilizishika kama utando mwembamba wa karatasi, na kabla ngoma haijamaliza mzunguko mmoja ilikuwa imekauka. Kisu kirefu kilichoegemezwa kwenye ngoma kiliikwangua, ikaanguka chini kama maganda ya rangi ya dhahabu, ikaenda kusagwa na kujazwa mifukoni. Wateja waliichanganya kwenye unga wa uji wa wagonjwa na wa watoto wanaoanza kula. Sekunde chache za moto ziliitosha. Zikizidi, imeungua, na hamira iliyoungua ni chungu, tena nguvu yake imepungua.

Mwaka ule Bi Pua akashikwa na mafua. Homa siku nne, siku ya tano akarudi kazini. Hakusikia harufu yoyote, akasema ni pua imeziba. Wiki ikapita, pua ikafunguka, hewa ikawa inaingia na kutoka bila taabu, lakini dunia nzima imekuwa kama maji ya kunywa. Alinusa sabuni, hamna kitu. Alinusa kitunguu mpaka macho yakamtoka machozi, machozi yakaja peke yao bila harufu.

Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Fundi seremala akivunjika mkono watu watamwona na bendeji, watampa pole. Yeye angeonyesha nini? Na Bi Pua asiye na pua ni nani? Akajiambia itarudi tu. Akawa anasimama karibu zaidi na ngoma, anakazia macho kipimo cha mvuke, na watu walipomuuliza, "Vipi, Bi Pua, leo tuko salama?" alijibu, "Salama."

Jioni moja alikuwa jikoni, amesimama hatua mbili kutoka kwenye jiko, anakunja nguo. Mumewe, fundi cherehani aliyeshonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, akaja mbio na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mama watoto! Maziwa!"

Sufuria ilikuwa nyeusi, moshi umetanda. Bi Pua akazima jiko, akasema mawazo yalikuwa mbali. Mumewe akamtazama, akafungua dirisha, akarudi kwenye cherehani yake.

Siku ya nane baada ya maziwa, dada wa maabara alishuka na kibakuli mkononi. Alikuwa msichana makini, asiyepandisha sauti. Aliwaita msimamizi, Mzee wa Matangi na Bi Pua kwenye chumba cha mizani.

"Mifuko ishirini na minne ya jana," alisema. "Unyevu uko sawa. Lakini ni chungu. Onjeni."

Wakaonja. Msimamizi akatema kwenye karatasi. Bi Pua akalamba, akakunja uso kama alivyowaona wenzake wanakunja. Ulimi wake uliupata uchungu, lakini uchungu wa nini, hakujua. Zamani pua ingemwambia.

"Uchungu wa namna mbili," alisema msimamizi. "Ama haikuoshwa vizuri, ama imeungua. Mama, wewe ulikuwepo. Ulisikia harufu ya kuungua?"

Wote wakamgeukia.

"Sikusikia harufu yoyote," alisema Bi Pua.

Ilikuwa kweli tupu, na ilitoka mdomoni kama uongo.

"Basi," alisema msimamizi, na akamgeukia Mzee wa Matangi. "Mzee, kesho usije. Pumzika nyumbani tukichunguza kuosha kwako."

Mzee hakubisha. Alisema tu, "Nimeosha kama siku zote," akavua glavu zake ndefu za mpira, akazipanga juu ya meza, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto, kama mtu anayetandika kitanda. Akatoka.

Dada wa maabara alibaki anatazama kibakuli. "Sijasema ni kuosha," alisema polepole. "Nimesema ni chungu." Lakini msimamizi alikuwa ameshaondoka.

Ngoma zilisimamishwa zisafishwe. Bi Pua alingoja zipoe, akachukua tochi, akainama. Alipita na mwanga kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Karibu kabisa na ncha ya kushoto, mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi kupaona, palikuwa na mstari wa kahawia upana wa vidole viwili. Akapapasa kisu hapo. Kilikuwa na pengo. Hapo kisu hakikugusa ngoma, hamira ikabaki, ikazunguka tena na tena kwenye moto, ikaungua, ikamenyeka vipande vipande na kuanguka kwenye ile nzima. Harufu yake lazima ilijaa chumba. Na wengine wote waliopita pale, kama walisikia chochote, walinyamaza kwa sababu Bi Pua alisema ni salama.

Aliketi juu ya ngazi ya chuma, tochi bado inawaka mchana kweupe.

Nyumbani alimkuta mumewe anapindia suruali. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Baba watoto, sisikii harufu. Mwezi wa pili huu."

"Najua," alisema mumewe, mguu wake umeachia pedali. "Tangu maziwa. Na kabla ya hapo, siku uliyoniambia shati langu ni safi, nami nimelivaa siku tatu."

Bi Pua akacheka bila kutaka, kisha kicheko kikageuka kilio. Alimweleza yote, na glavu pia.

"Nilisema kweli," alisema. "Sikusikia. Hakuna neno la uongo hata moja."

"Mke wangu, mimi nikikuta mshono umefumuka, naweza kuapa kwamba sikuona uzi ukikatika. Ni kweli. Lakini nisipomwambia mwenye nguo kwamba nilishona nimefumba macho, nimemwambia nini?" Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sasa kwako hicho kifo kimemwangukia mwenzio."

Asubuhi alifika kabla ya kengele. Hakwenda kwa msimamizi kwanza. Alimngoja dada wa maabara, akampeleka mpaka kwenye kisu, akamwonyesha pengo na mstari. Wakaingia ofisini pamoja.

"Pua yangu haifanyi kazi," alisema Bi Pua. "Tangu niugue. Jana uliniuliza kama nilisikia harufu, nikakujibu jibu la kujificha. Mzee hana kosa. Kosa la kisu ni la kisu, kosa la kunyamaza ni langu."

Msimamizi aliweka kalamu chini. "Mama," alisema, "kwa nini hukusema?"

"Mngeniita nani?"

Ile mifuko ishirini na minne iliuzwa kuwa chakula cha mifugo. Bi Pua alitolewa kwenye ngoma, akapelekwa kushona midomo ya mifuko. Daktari alimwambia harufu huenda ikarudi, huenda isirudi, hakuna dawa ya kuiharakisha. Mzee wa Matangi aliitwa siku ileile. Bi Pua alimfuata kwenye matangi, akamwomba msamaha mbele ya watu.

Mzee alivaa glavu zake kwanza. "Nimewaeleza wanangu kwamba nimerudishwa nyumbani kwa uchafu," alisema. "Mwaka wa thelathini na moja wa kuosha. Nenda kafanye kazi, dada. Nikiwa tayari nitakuja."

Hakuja wiki hiyo, wala iliyofuata. Walipokutana kantini alimwitikia salamu, basi.

Huko kwenye mifuko Bi Pua hakukaa bure. Kila saa alikwenda kuomba maganda kutoka ncha ya kushoto, katikati na ncha ya kulia ya ngoma, akayapanga kwenye sahani tatu nyeupe chini ya taa, akalinganisha rangi. Aliyavunja kwa vidole asikie yanavyolia. Hamira iliyokauka vizuri inalia kwa sauti nyembamba. Iliyokaribia kuungua inapasuka kavu, kama kucha. Baada ya mwezi aligundua hitilafu nyingine ya kisu kabla ya mwangalizi mpya wa ngoma, mwenye pua nzima. Dada wa maabara akaandika barua, msimamizi akamrudisha kwenye ngoma, kwa sharti moja: kila saa mtu mwingine apande kunusa, na wote wawili watie saini.

Siku ya kwanza aliyepanda ngazi alikuwa Mzee wa Matangi. Bi Pua akasimama wima kando ya zile sahani tatu. Mzee akasogea, akavuta pumzi, akatia saini.

"Mzee," alisema Bi Pua, "leo inanukaje?"

"Inanuka hamira."

"Hamira ya namna gani?"

Mzee alikuwa ameshaanza kushuka. Akasimama, mkono kwenye chuma cha ngazi, akafikiri kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua vizuri. Kisha akapanda tena, akainama juu ya sahani ya katikati, akafumba macho.

"Kama ukoko wa mkate," alisema. "Ile sehemu ya pembeni, ambayo watoto hugombania. Na chini yake kuna kitu kama karanga. Ngoja kidogo, nivute tena."

Bi Pua akamsogezea sahani.