Jiwe la Kilele Uzioni

Kilele cha jimbo letu, yaani mahali palipo juu kuliko pote, kiko shambani kwangu, katikati ya mahindi. Wageni huja wakauliza, "Mlima wenyewe uko wapi?" Nami huwajibu, "Si huo mmeukanyaga."

Masika haya nilichoka kuzungusha mashine ya kupandia kando ya jiwe la alama lililosimikwa pale kileleni. Nikaling'oa kwa trekta, nikaliweka kwenye uzio, karibu na barabara, nikapanda mahindi juu ya kilele. Nani atajua? Kwetu kote ni tambarare.

Jumapili moja, mahindi yakiwa yamesharefuka, akaja Bibi Leora, kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na binti yake. Kuna watu kazi yao ni kukanyaga kilele cha kila jimbo, naye alishavimaliza vyote, hata vya theluji, enzi magoti yake yalipokuwa magoti. Kilibaki chetu.

"Nilijua nitazeeka," alisema. "Nikajiwekea chepesi mwisho."

Akaliinamia jiwe pale uzioni, akalikumbatia, akalia kwa furaha. Binti akapiga picha. Mke wangu, Arlys, aliyewaletea pai ya tufaha, alinitazama tu. Nikaangalia viatu vyangu.

"Verlin," akaninong'oneza, "usiposema wewe, nasema mimi."

"Ameshafurahi, mke wangu. Tumharibie ya nini?"

"Haya. Mwache aende na uongo wako."

Jamani, uso uliniwaka! Nikavua kofia. "Bibi, siyo hapa. Kilele kiko kule ndani. Jiwe nililihamisha mimi."

Binti akafoka, "Ndiyo nini hii? Kwa nini?"

"Lilikuwa linanisumbua kugeuza mashine." Maneno yenyewe yalinitia kinyaa.

Bibi Leora akafuta macho. "Kuna njia ya kufika?"

Njia nayo nilikuwa nimeipanda mahindi. Nikachuchumaa, nikambeba mgongoni, tukaingia. Majani yalimkwaruza usoni, na hakulalamika hata kidogo. Nikasimama. Pande zote ni mahindi, yametupita vichwa.

"Ndiyo hapa?" akauliza.

Nikapapasa kwa mguu, huku na huku, nikitafuta shimo la jiwe. Nilishalilima. Hata mimi sikujua tena kilele kiko wapi.

"Hapahapa, bibi."

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki," akasema, akanibusu kisogoni. Afadhali angenizaba kofi.