Maboksi Kumi na Manne ya Kyoto

Jumanne ya wiki ya mwisho ya Oktoba, saa saba na dakika kumi mchana, Fusae alimgeuza mama mkwe wake ubavu wa kulia, akamwekea mto mdogo katikati ya magoti, akamfunika, kisha akaenda jikoni kupanga safari. Aliipangia nyuma ya kalenda ya ushirika wa wakulima, kwa penseli na rula, maana upande ule ulikuwa mweupe na uliweza kuchukua siku nne.

Siku nne hizo zilikuwa za Kyoto. Fusae alikuwa na miaka sitini na mitatu, na tangu aolewe katika nyumba hii ya mjini Murakami, mwaka wa thelathini na nane huu, alikuwa amelala nje mara tatu tu: mara mbili alipokwenda kujifungua, na mara moja alipomzika baba yake. Kwa hiyo hakutaka safari ya kukimbizana. Mabasi ya watalii humpitisha mtu mahekalu saba kwa siku, akarudi kwao na miguu imevimba wala hakumbuki hata moja. Yeye aliandika mahali pamoja kwa siku moja. Jumatano: kufika, kunywa chai, kukaa ukingoni mwa mto Kamo. Alhamisi: hekalu la bustani ya kuvumwani, ule ukijani laini unaotambaa juu ya mawe mpaka mawe yanaonekana kama yamelala. Ijumaa: mtaa wa wafumaji, kusimama nje ya madirisha na kusikiliza mashine zikigonga. Jumamosi aliiacha wazi mpaka saa ya treni, na ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

Uvivu wote huo aliupanga mbiombio. Aliinuka mara tano kabla hajamaliza. Alifuta meza iliyokwisha kufutwa. Alikwenda mlangoni kusikiliza kama mzee anakohoa. Akafuta chai ya saa tisa akaiandika saa tisa na dakika kumi, akatembea kuizunguka meza, akairudisha saa tisa.

Lile hekalu halikupokea mtu hivihivi. Uliliandikia kadi yenye nusu mbili, na nusu moja ikakurudia na jibu. Nusu ya Fusae ilikuwa imerudi: Alhamisi, tarehe kumi na nne Novemba, saa nne asubuhi, mtu mmoja. Aliibandika kwenye friji, na kila alipofungua friji aliyasoma yale maneno mawili ya mwisho. Karatasi za nyumba ile zote zilikuwa zimeandikwa kwa jina la mume, au watu watatu, au familia. Mtu mmoja hakuwahi kuandikwa.

Mumewe, Mitsugu, aliyestaafu idara ya maji, alikuwa ameridhia. Wifi yake, Kikue, aliyekaa mwendo wa dakika arobaini kwa gari, aliahidi kuja kulala siku tatu amwangalie mama yao. Aliahidi kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino, lakini aliahidi.

Kosa la Fusae lilikuwa kumwambia jirani.

Mama Nezu alikuwa uani kwake akisugua chumvi tumboni mwa samaki wa samoni. Alimtazama Fusae juu mpaka chini.

"Bi Fusae, leo mbona unatembea kama una siafu miguuni?"

"Nakwenda Kyoto mwezi ujao."

"Kyoto! Na nani?"

"Peke yangu."

"Haya, mwali! Na bibi mnamwachia paka?"

"Wifi anakuja."

"Wifi yule?" Mama Nezu alimgeuza samaki. "Huyo nitamwamini nikimwona na beseni mkononi."

Kule kwao mtu akisafiri hurudi na kitu cha kula kutoka alikokwenda, kimefungwa vizuri, boksi moja kwa kila nyumba iliyojua kwamba anakwenda. Asiyeleta ametukana mtaa. Na wale waliokula ndio mashahidi kwamba safari ilikuwapo. Hakuna anayeuliza tiketi. Kufikia jioni nyumba kumi na nne zilikuwa zimejua. Fusae hakulaumu mtu. Aliongeza majina yao chini ya kalenda, kwenye nafasi iliyobaki karibu na Jumamosi, akaandika pembeni: maboksi kumi na manne.

Asubuhi alipofungua kabati la majani ya chai, boksi la kwanza lilikuwa ndani. Mawili yalikuwa chini ya sinki, matatu kwenye kabati la viatu mlangoni. Kabla ya chakula cha mchana aliyakusanya yote yakatimia kumi na manne. Yalifungwa kwa karatasi ya zambarau ya duka lililoko kwenye kilima kimoja cha Kyoto, na ndani mlikuwa na vitamutamu vya unga wa mchele, laini, vimekunjwa pembetatu juu ya rojo ya maharage mekundu. Nyumba nzima ilinukia mdalasini.

Mitsugu alivua miwani ili asome maandishi madogo.

"Umeagiza, Mama?"

"Hapana. Yamekuja yenyewe."

"Yamewahi." Akaligeuza boksi. "Mwisho wa kuliwa tarehe nane Novemba."

"Mimi naondoka tarehe kumi na tatu."

"Basi hayatakungoja. Yagawe. Chakula hakitupwi."

Fusae hakuyagawa siku hiyo. Aliyahamishia kwenye ushoroba wa nyuma penye ubaridi, siku ya pili akayahamishia chini ya ngazi, siku ya tatu akayarudisha kwenye ushoroba. Alipakia begi la safari akalipakua. Kila alipopita aliangalia ile tarehe, na kila mara ilikuwa nane. Tarehe nne aliyafunga ndani ya kitambaa, akatoka, ameazimia kuwaambia ukweli nyumba baada ya nyumba.

"Sijaenda bado, Mama Nezu. Hivi vimetangulia tu."

"Karibu nyumbani! Pole na safari," alisema Mama Nezu, akapokea kwa mikono miwili.

"Jana si uliniona naanika mashuka?"

"Nilikuona. Nikasema moyoni, tazama Bi Fusae alivyorudi amenawiri."

Nyumba ya pili walimwambia pole na safari. Nyumba ya tano walimwuliza kama watu walikuwa wengi. Kwenye nyumba ya tisa aliacha kueleza, kwa sababu kila alivyokana ndivyo walivyomwona ana adabu, hataki kujivuna. Nyumba ya kumi na nne, mzee mmoja alimwuliza kama majani ya miti ya kule yamekwisha kuwa mekundu. Fusae alijibu kwamba bado kidogo, na hilo lilikuwa kweli, lilisemwa redioni.

Aliporudi nyumbani simu ilikuwa inalia. Alikuwa Kikue, mume wake alikuwa amepita mtaani na kupewa kipande.

"Wifi, tumeonja! Vitamu kweli. Umepumzika, eti?"

"Kikue, mimi sijaondoka. Ni tarehe kumi na tatu. Uliniahidi."

"Ndiyo, niliahidi, na ukaenda. Sasa wifi yangu, ile tarehe kumi na tatu mimi nimejiandikisha na wenzangu wa kwaya, tunakwenda kuimba Sendai. Si unajua nilivyofungwa na mambo ya nyumba hii."

"Nani alikaa na mama siku hizo nilizokwenda?"

"Wewe," alisema Kikue. "Wewe una mkono mzuri naye."

Fusae aliipigia simu nyumba ya wageni ya Kyoto alikokuwa ameweka nafasi ya kulala. Mwanamke mwenye sauti ya upole alifungua kitabu chake, akamshukuru kwa kulala kwao siku tatu katika chumba cha nyuma. Alisema ni wageni wachache wanaojikunjia magodoro na kufuta vumbi hadi juu ya mlango. Alisema pia kwamba alikula kidogo sana, wakaingiwa na wasiwasi kama chakula hakikumpendeza.

"Kilinipendeza," alisema Fusae. Alipofungua friji kutoa maziwa, kadi ya hekalu ilikuwa na muhuri mwekundu: amepokewa. Tarehe ilikuwa ileile ya kumi na nne, ambayo ilikuwa haijafika.

Jioni alimwekea Mitsugu sahani, akakaa mbele yake bila kujipakulia.

"Baba, sikwenda."

"Najua hukwenda. Mimi si nilikuwa hapahapa?" Mitsugu alichomoa mwiba wa samaki, akauweka ukingoni mwa sahani. "Lakini mtaa mzima umeshakula. Ukiondoka tena watasemaje? Mara mbili kwa mwezi mmoja, na mama yupo kitandani. Na ukirudi utaleta nini? Vilevile?"

"Na wewe unasemaje? Achana na mtaa."

Mitsugu alifikiri kweli, hakuwa mtu mbaya. "Mimi nasema umepata zamu yako," alisema. Kisha akamweleza kwamba wenzake wa idara ya maji walikuwa wanapanga kwenda kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto, Jumatano ile ya tarehe kumi na tatu mpaka Ijumaa, na yeye alikuwa hajajibu kwa sababu ya safari ya Fusae. Sasa angeweza kujibu. Fusae alimtolea taulo tatu na dawa yake ya shinikizo la damu.

Basi Alhamisi, tarehe kumi na nne, saa tatu na nusu asubuhi, nyumbani walikuwa wawili. Fusae alikaa pembeni ya kitanda akimlisha Tomeyo, mama mkwe wake, uji wa mchele. Tomeyo alikuwa na miaka tisini na mmoja. Miguu ilikuwa imemwacha lakini ulimi haukumwacha, na vitendawili alikuwa navyo tele, vya watoto na vile ambavyo watoto hawaambiwi. Magoti ya Fusae yalikuwa yanacheza chini ya bakuli. Macho yake yalikwenda saa ya ukutani, yakarudi kwenye kijiko, yakaenda tena.

"Utanilisha puani," alisema Tomeyo. "Kitendawili."

"Tega, Mama."

"Nilirudi kabla sijaondoka, na kila mtu aliniona."

"Jua."

"Jua linaondoka kila jioni, hulioni?"

"Barua."

"Barua! Unabahatisha tu uji uishe. Fikiri."

Fusae alifikiri. Saa ilisogea. "Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Fusae aliweka kijiko ndani ya bakuli. "Chukua Kyoto," alisema.

Tomeyo aliupokea kwa heshima, viganja viwili juu ya blanketi, kama apokeavyo mtu sinia la mgeni. "Jibu lake ni mke wa mtoto wa kwanza," alisema. "Mimi safari yangu ilikuwa ya Ise. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimeshona hata kimono cha njiani. Hirizi za hekalu la Ise zikanitangulia, nikazikuta ndani ya pipa la mchele, moja kwa kila nyumba. Mama mkwe wangu alizigawa mwenyewe. Hakunitazama usoni."

"Ukafanyaje?"

"Nikapika."

Fusae alimpangusa kidevu. "Mama, siku ile harufu ya mdalasini ilipojaa nyumbani, ulijua."

"Nilijua."

"Hukusema kitu. Ungeniambia niyafukie uani kabla sijayapeleka, ningekuwa nimefika sasa."

"Ningesema," alisema Tomeyo, akitazama dari, "nani angenigeuza?"

Fusae alimlisha vijiko viwili vya mwisho. Nje Mama Nezu alikuwa anamkaripia mtu kwa ajili ya kamba ya kutundikia samaki.

"Lakini mji nimepewa," alisema Tomeyo, "na mimi sijatoka chumba hiki tangu Machi ya mwaka juzi. Nitembeze. Polepole, sitaki mambo ya mabasi."

Fusae aliweka bakuli chini. "Tulipofika mvua ilikuwa inanyesha," alisema. Hakujua kwa nini ilikuwa mvua. Kwenye kalenda hakuwa ameandika mvua. Ilikuwa mvua nyembamba, ya kutokea pembeni, na ililowesha mkeka upande wa mlangoni, kwa hiyo Fusae alisogeza mashuka safi yasilowe. Wakakaa ukingoni mwa mto mpaka chai ikaisha. Hawakuharakishwa na mtu. Asubuhi yake wakapanda njia ya hekalu, Fusae akimshika mzee kiwiko. Tomeyo alisimama kila hatua kumi kupumua na kuwasema watu waliowapita na miavuli yao.

"Tazama yule, anakimbilia wapi? Mawe yatamkimbia?"

"Usinyooshe kidole, Mama."

Walifika langoni saa nne kasoro dakika tano. Wengine walikuwa wamekwisha kupanga mstari, na harufu ya udongo mbichi ilikuwa inatoka ndani. Fusae alianza kutafuta kadi mfukoni.

"Ubavu huu umekufa ganzi," alisema Tomeyo.

Fusae aliinuka, akaingiza mkono mmoja chini ya bega lake na mwingine chini ya nyonga, akamgeuza.