Chuma Kando ya Jiko

Nilikichimbua nyuma ya nyumba nikipanda viazi: chuma kizito kama mtoto wa miezi mitatu, kinene chini, chembamba juu, na tundu kichwani. Mimi kitu kikiingia mkononi mwangu sharti kioge kwanza. Nikakisugua kwa majivu na gunzi, nikakiweka kando ya moto kikauke, maharage yakichemka.

Mwanangu, fundi baiskeli, akaja kuchukua maji ya moto ya mkewe, aliyejifungua kwa upasuaji juzijuzi na kulala chumba cha pili, ukuta mmoja na jiko. Alipokiona akarudi kinyumenyume.

"Mama, hilo ni bomu!"

"Bomu la nani?"

"La vita vya zamani! Nawe umelikalisha motoni!"

Moyo ukanilipuka kabla ya chuma, nikarukia nje. Akakimbilia chumbani. Nikawasikia wakijikokota na mtoto, mkewe ana mshono, hatua moja dakika nzima. Moto ule niliukoka mimi. Nimwage maji? Je, likishtuka? Nikakunja tambara, nikarudi jikoni.

"Mama, toka huko!"

"Wewe mshike mkeo!"

Nikalikamata shingoni. Joto likapenya tambara mpaka kwenye vidole. Nikatembea nalo polepole hadi kwenye shimo la viazi, jasho likiniingia machoni. Nilipoinama kulilaza ndipo nikaona: ubavu wa kushoto umelika, laini kama kisigino cha kiatu cha zamani. Wa kulia vilevile. Bomu gani hilo la kugongwagongwa pande mbili? Nikalitazama tundu, nalo limelika upande wa juu. Kitu hiki kilining'inizwa, kikapiga huku, kikapiga huku.

Shule yetu ya msingi ilikuwa hapahapa kabla haijahamishwa. Nikiwa darasa la tano ulimi wa kengele ulidondoka, ukapotea, tukawa tunaitwa kwa filimbi.

"Rudini! Ni ulimi wa kengele ya shule!"

"Una uhakika?" Mwanangu alichungulia kutoka nyuma ya pipa la maji.

"Umenichapisha viboko vya kuchelewa miaka mitano, nisiujue?"

Mkwe wangu akacheka, mkono tumboni. "Jamani mama, mshono wangu!" Kisha akaninyooshea mtoto. "Mpokee mjukuu wako, nikae."

Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa bado imekamata tambara, vidole havitaki kufunguka.

"Mpe baba yake kwanza," nikasema.