Mama Vikombe Hakai Chini

Chuo kilimpa kila kitu. Kilimpa karakana yenye madirisha mapana, gurudumu la umeme lisilopiga kelele, mapipa ya udongo uliochekechwa ukalainika kama unga, tanuri kubwa nyuma ya jengo, chumba chenye kitanda na meza, na mwaka mzima wa kufanya apendavyo. Mkuu wa chuo, mama mmoja mchongaji ambaye hata akiwa ofisini hakukosa vumbi la mbao kwenye nyusi, alimkabidhi ufunguo akamwambia, "Wewe ni msanii mgeni wetu. Hapa hakuna wa kukuuliza. Fanya kile roho yako inachotaka."

Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana roho yake haikusema kitu.

Maisha yake yote alikuwa mfinyanzi wa kiwandani. Tangu usichana wake alikalia kigoda kilekile, mbele ya gurudumu lilelile, akifinyanga vikombe vya chai, vyenye kiuno kidogo na mdomo uliofunguka, kila kimoja pacha wa mwenzake. Kisha kiwanda kikafungwa. Walikwenda kazini asubuhi wakakuta kufuli getini, basi. Binti yake ndiye aliyesikia kwamba chuo cha ufundi kinatafuta msanii wa kukaa nao. Akavipiga picha vikombe vya mama yake juu ya ukuta wa uani, akazituma bila kumwambia mtu. Jibu lilipokuja kwamba wanamtaka, mumewe, fundi cherehani, alicheka mpaka akajichoma sindano.

"Msanii! Kumbe miaka yote nalala na msanii!"

Basi msanii akaja, akawasha gurudumu, akafumba macho, akawaza ndege. Kikatoka kikombe. Akakiponda, akawaza sinia pana. Kikatoka kikombe. Kichwa kilitaka hiki, mikono ilishajiamulia zamani. Wanafunzi waliokuwa wakichungulia dirishani walimbandika jina la Mama Vikombe. Hawakuwa na nia mbaya, lakini jina likamganda.

Akawa hakai. Anafungua dirisha, analifunga. Anafagia sakafu ambayo ameifagia sasa hivi. Anakwenda bombani kunawa mikono mikavu. Anatoka ukumbini, anasimama, anasahau alichokifuata, anarudi. Miguu ilimwasha kana kwamba amekanyaga upupu. Karakana ya pili ilikuwa ya mwalimu wa ususi, kijana mwenye maneno mengi ambaye chuo kizima kilimwita Ukili. Siku moja alishindwa kuvumilia.

"Dada, unanitia kizunguzungu. Unapita hapa kama kuku anayetafuta pa kutaga."

"Kuku ana nafuu, mdogo wangu. Yeye anajua litatoka yai."

Jioni mumewe alikuwa akimpigia simu.

"Umetengeneza nini leo?"

"Nimefagia."

"Na jana?"

"Jana pia nilifagia."

"Sasa mke wangu, hao watu wamekuchukua kwa usanii au kwa usafi?"

Alicheka naye, lakini alipokata simu alijisikia kulia. Alimwonea aibu mkuu wa chuo, ambaye kila wakikutana alitabasamu na wala hakuuliza kitu. Kutoulizwa kulimchoma kuliko maswali.

Asubuhi moja alikaa mbele ya gurudumu, akaangalia mikono yake inavyoanza kujipanga kwa ajili ya kikombe, na hasira zikampanda. Alizima umeme. Akakisukuma kigoda kwa mguu mpaka kikatoka nje ya mlango. Akachota udongo, akauviringisha mezani ukawa kamba nene, akailaza kamba ile kwenye ubao sakafuni ikawa duara pana kama tairi. Akaongeza kamba ya pili juu yake, ya tatu, akizibana kwa dole gumba. Na kwa kuwa hakutaka tena kusikia habari ya kukaa, alizunguka. Alikwenda kinyumenyume, mkono mmoja ndani ya chungu, mwingine nje, duru baada ya duru, kama mtu anayemchezesha mtoto.

Cha kwanza kilibomoka kabla ya chakula cha mchana. Hakujali. Kesho yake alianza upya, na safari hii alijizuia: kamba chache tu, kisha anaziacha zikauke kidogo ziweze kubeba nyingine. Mtungi ukafika gotini. Ukafika kiunoni. Tumbo likatoka nje, kubwa, likiegemea kidogo upande mmoja kama mjamzito anayesubiri zamu yake.

Usidhani alitulia. Wasiwasi ulibadilika sura tu. Sasa hakuweza kuuacha. Alikatisha chakula akaenda kuuangalia. Aliufunika nailoni, akaufunua, akaugusa, akaufunika tena. Alimsahau hata mumewe. Simu iliita mezani na mikono yake imejaa udongo, na iliponyamaza aliwaza, nitampigia baadaye. Baadaye haikuja.

Ndiyo maana mume alifunga safari. Jumamosi alitokea mlangoni mwa karakana bila taarifa, amevaa shati lake la kutokea, begi begani, na uso wa mtu aliyetayarisha maneno njia nzima. Akamkuta mkewe amepiga magoti, amekumbatia kitu kikubwa kuliko watu wote wawili.

"Usisimame hapo!" mke alipiga kelele. "Njoo ushike! Unaanguka!"

Kweli mtungi ulikuwa unaanguka. Alikuwa ameharakisha, ameongeza mabega wakati tumbo bado bichi, na sasa ubavu ulioegemea ulikuwa unalegea, unashuka taratibu. Fundi cherehani akalitupa begi, akaenda upande wa pili, akaukumbatia mtungi kifua kwa kifua, shati na yote.

"Hivi?"

"Chini kidogo. Usisukume! Bembeleza."

"Mimi nakubembeleza wewe siku ngapi hupokei simu, leo nabembeleza chungu."

"Baba watoto, nyamaza kwanza. Nataka kitambaa, kitu kirefu cha kuufunga."

"Begi langu liko karibu yako."

Alinyoosha mkono mmoja, akapapasa ndani ya begi, akavuta nguo ya kwanza aliyoishika. Akaizungusha kwenye tumbo la mtungi, mumewe akaipokea upande wa pili, wakakaza, wakafunga mikono ya nguo kwa fundo. Udongo ukatulia. Hawakuthubutu kuachia. Hapo ndipo mke alipoiangalia ile nguo vizuri: koti la kazi, jipya kabisa, lina mfuko mpana upande wa kushoto kama alivyopenda yeye.

"Hili umelishona lini?"

"Juzi." Sauti yake ilitokea nyuma ya mtungi, maana hawakuonana. "Kiwanda kinafunguliwa. Msimamizi wako alikuja mwenyewe nyumbani. Wanakutaka uwe mkuu wa wafinyanzi. Nikasema habari hii siisemi kwenye simu, nikaiseme kwa mdomo wangu. Nikakushonea na koti."

Mke alizidi kuukumbatia mtungi. Shavu lake lilikuwa limegusa udongo wa baridi. Zamani habari ile ingemfanya apige vigelegele mpaka majirani watoke nje. Aliusikilizia moyo wake kama una furaha, akaona kitu kingine: kigoda. Aliona mgongo wake mwenyewe umeinama juu yake mpaka uzee.

"Umesikia?" mume aliuliza.

"Nimesikia. Sirudi kule."

"Hata hujafikiri!"

"Sasa hivi nimefikiri. Siwezi kukaa tena. Nikikaa, mikono inarudi kwenye vikombe, na mimi naisha."

"Na mwaka ukiisha hapa? Utaishi kwa kuzunguka mitungi?"

"Sijui."

"Hicho chenyewe ni cha nini?"

"Sijui, baba watoto! Ningekuwa najua nisingekuwa nakizunguka!"

 Ukili alipita mlangoni, akawaona wamekumbatia mtungi uliovaa koti, akafungua mdomo aseme neno, akaufunga, akaenda zake. Kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mume aliondoka kesho yake, na hakuondoka kwa furaha. Kituoni alisema tu, "Nitamwambiaje msimamizi?" Mke akajibu, "Mwambie nashukuru. Tena mwambie vizuri, hakunikosea." Aliporudi karakanani alifungua nailoni, akalifungua koti, likatoka limekakamaa kwa udongo. Ubavu ulikuwa umeshika. Alizunguka mara moja, polepole, machozi yakimtoka, akachukua kamba nyingine ya udongo.

Siku ya kuchoma alishinda kwenye tanuri, anasimama, anatembea, anachungulia kitundu, anatembea tena. Mkuu wa chuo alimletea chai akambembeleza akae. Alikataa, akainywa akitembea. Tanuri lilipopoa wakafungua, wakaukuta mtungi umesimama, mwekundu, na ufa umeanzia mdomoni ukashuka mpaka begani. Mkuu wa chuo alisema ufa unazibika. Yeye alipitisha kidole ndani ya ufa ule, kwenda na kurudi.

"Uacheni," alisema. "Niliharakisha mabega. Nimeshajua pa kusubiri."

Wakauweka uani, na upo mpaka leo, wanafunzi wanauegemea wakila. Kabla hata haujapoa sawasawa alikuwa ameshaanza mwingine, na mwaka ulipoisha aliacha mitatu, hakuna unaofanana na mwenzake.

Mumewe alikuwa amerudia kupiga simu, kwanza kwa ufupi, kisha kwa utani, lakini habari ya kiwanda haikutajwa. Kwa hiyo alirudi nyumbani roho mkononi. Alikuta cherehani iko barazani, pasi iko barazani, na mafungu ya vitambaa yamebanwa chini ya meza. Mumewe alikuwa chumba cha mbele, chumba chake cha kushonea, kimebaki kuta na sakafu, yeye katikati amesimama na futi yake ya fundi shingoni.

"Nimepima," alisema, bila salamu. "Lakini sijui mtu wa kuzunguka anapimwaje. Pita nione."

Mke akaweka mzigo chini. Akainama kidogo, akanyoosha mikono kana kwamba kuna tumbo la mtungi mbele yake, akazunguka kinyumenyume. Kiwiko kikagonga kabati.

"Padogo," alisema.

"Nilijua." Mume akavua shati, akashika upande mmoja wa kabati. "Haya, shika huko. Na hili litoke."