Rimoti ya Mikono Migumu

Tangu baridi yabisi inishike vidole, kila mtu nyumbani amekuwa malaika, na malaika wanachosha. Mume wangu ananishikia kikombe. Wanangu wakicheza nami gemu ya magari wanajigonga ukutani makusudi ili nishinde, kisha wananipigia makofi. Mimi, fundi cherehani niliyewahi kumaliza gauni la harusi huku nikigombana na bibi harusi mwenyewe! Nilitamani mtu mmoja tu acheze nami kwa nguvu zake zote.

Mdogo wangu, fundi simu, alikuja akanikuta nimenuna. Hakunipa pole. Alichukua rimoti yangu ya gemu, ile kuukuu tuliyoipigania tangu utotoni, akaenda nayo kibandani kwake.

Jumapili akairudisha. Ndani yake alikuwa ametia sensa, kile kidude kinachoijulisha simu imelalia upande gani.

"Dada, achana na vifungo. Inamisha tu, gari litakata kona."

Nikainamisha. Gari likaenda moja kwa moja ukutani.

"Inamisha zaidi."

"Nizidishe nini? Mkono ndio umeishia hapo!"

Kumbe alikuwa ameijaribu kwa mikono yake mizima, mjinga yule. Nilimfokea mpaka nikaona haya. Yeye akaokota vitambaa chini ya cherehani yangu, akamwambia mume wangu amfunge vidole na vifundo vya mikono, akaze kabisa. Akaishika rimoti hivyo hivyo. Ikamponyoka. Akawa anafunguliwa, anarekebisha kwenye kompyuta yake, anafungwa upya, mchana kutwa. Mtu mzima na ndevu zake, amefungwa kama kifurushi kwa ajili yangu! Nikajifanya natafuta sindano sakafuni, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Aliponikabidhi tena, gari lilikata kona ya kwanza vile nilivyotaka. Nikapiga kelele. Naye akachukua rimoti nyingine, ya vifungo, tukaanza mbio.

Kwenye kona ya mwisho nilikuwa mbele. Wanangu wakamkonyeza mjomba wao aniachie. Wapi! Alinisukuma nje ya barabara, akapita, akacheka huku amejishika mbavu.

"Umepigwa, dada! Na bado!"

Nyumba nzima ikamtazama kama muuaji.

"Asante," nikamwambia.

"Asante ya nini, na nimekufunga?"

"Ya hilo hilo."